Maji yameingia maktaba: namna ya kuokoa vitabu kabla havijaota ukungu

Kila mvua za Desemba zikianza simu yangu haipoi. Leo mwalimu anayeshika maktaba ya shule huko Kongwa, kesho dada wa chumba cha kusomea cha kata, keshokutwa mtu ambaye hata sijui namba yangu kaitoa wapi, na swali ni lile lile, "vitabu vimelowa, tuvianike juani?" Hapana, usivianike juani. Nimejibu hivi kwa voisi mpaka koo limekauka, kwahiyo leo naandika yote hapa, soma mpaka chini hata kama kwako bado hayajatokea.

Sisi wa Dodoma tunajiaminisha kwamba kwetu ni kukame, maji yatatoka wapi. Ni kweli mvua yetu ya mwaka mzima ni kama milimita 550 mpaka 600 hivi, lakini karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili na ikishuka inashuka kwa nguvu. Kiangazi chote gata linajaa vumbi, majani ya mwarobaini na viota vya ndege, raba za misumari ya bati zinapasuka kwa jua, na hakuna anayejua maana hakuna mvua ya kumuonyesha. Siku mvua ya kwanza inapiga saa kumi jioni maji yanakuta gata limeziba, yanarudi ndani, yanatembea juu ya jipsam, yanadondokea rafuni. Na kuna lile la mgao ambalo nimeliona mara nyingi kuliko hata bati kuvuja: maji yamekatika mchana, mtu kafungua koki ya chooni haikutoa kitu, akaiacha wazi akaenda zake nyumbani, saa nane usiku maji yanarudi.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Kwenye maktaba moja niliyokuwa nafanya kazi mvua ilinyesha Jumamosi usiku, tukafungua Jumatatu asubuhi, harufu ikatupokea mlangoni. Rafu mbili za chini zilikuwa zimevimba mpaka vitabu havitoki, na vingine vimeshaanza kuota vile vinyoya vyeupe. Tukafanya kila kosa ambalo leo nawakataza watu, tukavuta vitabu kwa nguvu migongo ikabaki mkononi, tukavifungua vikiwa vimelowa, tukavianika uwanjani juani. Seti ya ensaiklopidia yenye karatasi za kung'aa ikakauka ikawa matofali, ukurasa haufunguki tena. Kuna mtoto wa darasa la tano alikuwa anakuja kila siku kuangalia juzuu ya wanyama, aliendelea kuiulizia kwa wiki nyingi na sikuwa na cha kumjibu.

Shika jambo moja kabla ya hatua zote. Karatasi iliyolowa kwenye joto huanza kuota ukungu ndani ya saa 48 mpaka 72, na saa hizo zinahesabiwa toka maji yalipoingia, sio toka wewe ulipoona. Ukikuta Jumatatu maji ya Jumamosi ujue muda wako umeshaliwa.

VITU VYA KUWA NAVYO

Weka kwenye boksi moja, sehemu ya juu, na kila mfanyakazi ajue liko wapi.

- Gumbuti, glavu, na barakoa nzito za kuziba vizuri (N95). Ya kitambaa haizuii ukungu.
- Tochi, maana umeme utakuwa umezimwa.
- Ndoo, madekio, mafagio magumu ya kusukumia maji, mataulo mazee.
- Turubai au nailoni ngumu ya kufunika rafu.
- Kreti za plastiki zenye matundu, zile za mikate ndio nzuri kabisa. Za soda hazifai, zina vyumba vya chupa.
- Karatasi nyeupe za kunyonya maji ambazo hazijachapwa kitu, na tishu za jikoni kwa wingi. Magazeti tandika chini tu, usiyaweke katikati ya kurasa, wino wake unahamia kwenye kitabu.
- Karatasi ya kuokea keki, ile isiyogandia, kwa ajili ya vitabu vya kung'aa.
- Mifuko ya nailoni ya kufungashia, ya kutosha kitabu kimoja kimoja.
- Feni mbili tatu na ekstenshen ndefu.
- Uzi wa kuvulia samaki au kamba laini ya nailoni.
- Penseli na daftari. Sio kalamu, maandishi ya kalamu yakipata maji yanaweza kuchuruzika.

Huna hela ya vyote? Anza na turubai, mataulo, tishu na kreti nne. Vingine utaazima, lakini ujue kabisa utaazima kwa nani.

HATUA ZENYEWE

1. Umeme kwanza, vitabu baadae

Kama maji yametanda sakafuni usiingie, hata kama unaona kitabu unachokipenda kinaelea. Ekstenshen za kompyuta huwa ziko chini kwenye maji hayo hayo. Meinswichi ikiwa sehemu kavu na unaifikia ukiwa umesimama pakavu, zima. Ikiwa iko ndani ya maji au huelewi elewi, kaa nje upige simu kwa fundi umeme au TANESCO, na hali ikiwa mbaya Zimamoto ni 114. Alafu angalia juu. Jipsam iliyobeba maji inashuka tumbo, na ikianguka inaanguka yote, usipite chini yake wala usimruhusu mtu apite.

2. Zuia maji yanakotoka

Funga koki kuu. Kama ni bati, usimpandishe mtu juu mvua ikiwa inanyesha, funika rafu kwa turubai, weka ndoo, subiri. Kosa la watu wengi ni kuanza kubeba vitabu wakati bado yanadondoka, wanavihamishia kwenye kona wanayodhani ni kavu na baada ya saa moja kona nayo inavuja.

3. Piga picha

Dakika tano tu. Kila rafu, dari, sakafu, alama ya maji yalipofikia ukutani. Hizi ni mali za umma, utaulizwa.

4. Jua ni maji gani

Maji ya bomba na ya mvua iliyopita kwenye bati ni safi kiasi, fanya kazi kwa amani. Maji ya mafuriko yaliyoingia mlangoni na tope jekundu yanahitaji vitabu vioshwe kwanza (hatua ya 8). Maji ya choo ni habari nyingine kabisa, ndugu yangu. Vitabu vya kawaida vilivyoingia maji ya choo usiviokoe, vitawaumiza watu, weka pembeni kwenye mifuko iliyofungwa vikisubiri taratibu za kufutwa. Okoa tu kile kisichopatikana popote, kwa glavu na barakoa, na kazi ikiisha unaoga.

5. Toa maji sakafuni, ingiza hewa

Sukuma maji nje, deki, kamua, rudia. Mkeka au kapeti iliyolowa toa nje yote, hiyo ndio inashika unyevu wiki nzima bila mtu kuishuku. Kama nje hakunyeshi fungua madirisha ya pande mbili upepo upite.

6. Amua kipi kinaanza

Hapa ndio watu wanapoharibu, na naomba uwe mkali. Ukiingia kwenye chumba cha vitabu vilivyolowa moyo unataka kuokoa vyote kwa mpigo, unaokota hiki unakimbilia kile, jioni inafika una vitabu mia vimetapakaa na hakuna kilichokaushwa. Kaa chini robo saa na wenzako, andikeni.

Cha kwanza kabisa ni rejista ya kuingizia vitabu na makabrasha ya wanachama, maana bila rejista hutajua hata umepoteza nini. Cha pili ni kile ambacho hakipo kwingine. Kwetu hapa namaanisha vitu kama ramani na ripoti za mipango ya mji za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoundwa mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma na ikavunjwa mwaka 2017. Pengine nakala uliyonayo kwenye kabati la chini ndio ya mwisho mkoani. Vijitabu vya Kigogo, Kirangi na Kinyaturu, magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, daftari za historia za wazee, vyote viko kundi hili. Cha tatu ni vitabu vya gharama vinavyoazimwa sana. Vya mwisho ni vitabu vya kiada, na najua hapa walimu wanakasirika, lakini vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinachapwa tena, kimoja kikioza kingine kinapatikana. Ripoti iliyopigwa taipu mwaka 1976 haichapwi tena.

Ndani ya kila kundi anza na vya karatasi ya kung'aa, hatua ya 9 itakuambia kwanini.

7. Kutoa vitabu rafuni

Kitabu cha kisasa kikilowa kabisa kinaweza kubeba maji yanayozidi nusu ya uzito wake, kwahiyo kinavimba na kinakuwa kizito na laini kwa wakati mmoja. Usikivute kwa kidole juu ya mgongo. Sukuma vya jirani yake nyuma kidogo ukishike katikati kwa mkono wote. Kama vimebanana mpaka havitoki, anzia pembeni mwa rafu, na ikibidi fungua skrubu za ubao wa pembeni, rafu inatengenezeka.

Vilivyodondoka sakafuni viokote kabla havijakanyagwa. Vikitoka vyote vipange kwenye kreti mgongo ukiwa chini, mstari mmoja tu, usivibane na usibebeshe kingine juu. Kreti ya vitabu vilivyolowa ni mzigo wa watu wawili.

Na usifungue. Narudia kwa sababu kila mtu anafungua, mkono unataka tu kuangalia ndani kumeharibika kiasi gani. Karatasi iliyolowa haina nguvu, ukifungua unachana. Usikamue, usikunje, usitoe jalada. Kilichofunguka chenyewe kibebe kikiwa wazi hivyo hivyo juu ya kipande cha nailoni.

8. Kuosha tope

Kwa vile vya tope tu, na kabla tope halijakauka. Panga ndoo tatu au nne za maji safi. Shika kitabu kikiwa kimefungwa, kibane vizuri kwa mikono miwili, kizamishe ndoo ya kwanza ukitoa tope kwa sponji laini ukiligusa gusa tu, alafu ya pili, alafu ya tatu. Usisugue, vumbi letu la Dodoma lina mchanga, ukisugua unalipigilia ndani ya karatasi. Kitabu ambacho tope limeshakaukia usikioshe, subiri kikauke kabisa utalitoa kwa brashi. Maandishi ya mkono ya wino, ramani zilizopakwa rangi na picha za wino wa maji usizitie kwenye ndoo.

9. Gawanya makundi

A ni vyenye unyevu pembeni tu. B ni vilivyolowa mpaka ndani. C ni vyote vya karatasi ya kung'aa, atlasi, ensaiklopidia, majarida, vitabu vya picha vya watoto. Karatasi ya kung'aa imepakwa kitu kama udongo laini na gundi, ikilowa hiyo gundi inaamka, ikikauka kurasa zinashikana moja kwa moja. Kundi C lina saa chache tu. Maadam bado zimelowa kurasa zinaachana, zikianza kukauka zimegandana ndio basi.

10. Kukausha

Kundi A kazi yake nyepesi. Simamisha kitabu wima juu ya tishu kikiwa kimejifungua kidogo kama feni ya mkono, feni ya umeme ipulize hewa chumbani, isiwapulizie vitabu usoni. Baada ya saa kadhaa kigeuze kichwa chini miguu juu.

Kundi B usilisimamishe kwanza, litalala na kupinda. Laza kitabu juu ya mataulo, weka tishu ndani ya jalada la mbele na la nyuma, badilisha zikilowa. Kikipungua maji kiasi cha kurasa kuachana zenyewe, anza kupachika karatasi nyeupe kila baada ya kurasa ishirini hivi. Usijaze, karatasi zako zikizidi robo ya unene wa kitabu zinapasua mgongo. Badilisha kila saa mbili tatu mwanzoni. Hii kazi inachosha na hapa ndio watu wanaenda kulala wakisema tutabadilisha kesho, na karatasi iliyolowa ikikaa usiku mzima ndani ya kitabu haikaushi kitu, inalea ukungu. Gawaneni zamu. Kikifikia hali ya kundi A ndio unakisimamisha.

Kundi C kama una mikono na kitabu ni cha thamani, pachika karatasi ya kuokea keki kati ya kila kurasa mbili, kila moja, bila kuruka. Huwezi? Peleka friza, hatua ya 11.

Vijitabu vyembamba ning'iniza kwenye uzi wa kuvulia samaki uliofungwa ukuta kwa ukuta, vikunjike katikati kama nguo, nyuzi mbili tatu zilizo karibu karibu kama kijitabu ni kizito. Ramani na karatasi kubwa laza kwenye meza juu ya tishu.

Sasa jua. Najua huku jua ndio kila kitu, mlenda tunaanika, karanga tunaanika, alizeti tunaanika, kwanini kitabu kisianikwe. Kwa sababu upande unaopigwa na jua unakauka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji, jalada linajikunja kama chapati, gundi inaachia, rangi inapauka, na vya kung'aa vinagandana kuwa tofali. Watu walishajaribu joto kali huko nje. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika mji wa Florence kule Italia, maktaba kuu ya taifa ya pale ikaharibikiwa vitabu na nyaraka zaidi ya milioni moja, na vingi vilipelekwa kukaushwa kwenye mabani ya tumbaku, kama yale ya Urambo. Baadhi vilikaushwa kwa kasi mno vikaharibika zaidi, na sehemu kubwa ya haya tunayofundishana leo wakutubi yalitokana na kazi ile.

Unachotaka ni kivuli na upepo, na hapo Dodoma tumebarikiwa. Hata katikati ya masika, mvua ikikatika hewa inakuwa kavu mapema na upepo upo, mwenzetu wa Tanga au Unguja hana hiyo. Tumia veranda au ukumbi wenye madirisha mawili yanayotazamana. Tatizo letu ni vumbi, kwahiyo funga neti au shuka jepesi dirishani, vumbi jekundu likitua kwenye ukurasa wenye maji halitoki tena. Jioni mawingu yakijikusanya rudisha vyote ndani kabla ya tone la kwanza.

11. Friza

Vitabu vikiwa vingi kuliko mikono, gandisha. Kwa uzoefu wangu watu sita wakiwa na vitabu mia mbili vya kundi B tayari wamezidiwa. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inasimamisha ukungu na inakuachia muda, unaweza kuviacha miezi ukavitoa vitano vitano kila wiki. Funga kila kitabu kwenye mfuko wake, au zungushia karatasi ya kuokea keki, visigandane, vipange mgongo chini au vilale.

Friza utaitoa wapi? Mjini wanaouza samaki wa Mtera na kuku wana mafriza makubwa, nenda ukaongee na mmoja wao sasa hivi kabla ya shida. Mimi nilimfuata mama mmoja sokoni, shikamoo mama, nikamueleza, akacheka akasema vitabu navyo vinaoza? Nikamwambia vinaoza mama kama samaki tu, siku mbili. Akanielewa kuliko wakubwa wengi niliowaandikia barua. Mfuko ufungwe mara mbili ili kitabu kisinukie samaki na samaki wake wasipate tope lako, na vitabu vya maji ya choo usithubutu kupeleka kwenye friza la chakula.

Kumbuka friza haikaushi. Kikitoka kinayeyuka na kinakuwa kimelowa vile vile, unaanza hatua ya 10.

12. Kukandamiza na kurudisha rafuni

Utajuaje kimekauka? Weka ukurasa wa katikati shavuni. Ukisikia ubaridi bado kuna maji. Kikishakuwa cha joto la kawaida mpaka karibu na mgongo, laza kati ya mbao mbili safi, weka tofali lililofungwa gazeti juu, acha wiki. Usikandamize kikiwa na unyevu, utakuwa umeufungia ukungu chumba. Rafu nazo zifute, zikauke kabisa, na vitabu virudi kwa kuachiana nafasi. Pitia kila siku chache kwa mwezi mzima ukinusa, pua inajua kabla ya macho.

YAKITOKEA HAYA

Nimeshaona ukungu. Tenganisha haraka, mfuko, funga. Ukungu ukiwa laini na unyevunyevu usiufute, unaupaka kitabu kizima. Gandisha au kausha kwanza mpaka uwe unga mkavu, alafu toka nje, simama upepo ukitokea mgongoni kwako, barakoa na glavu, utoe kwa brashi laini. Mwenye pumu asifanye kazi hii hata kama anajitolea kwa moyo. Usitie Jik wala dawa yoyote ya kung'arisha kwenye karatasi. Jik ni ya sakafu, na hata huko usichanganye na dawa za chooni zenye asidi, inatoka hewa yenye sumu.

Kurasa zimegandana. Kama ni karatasi ya kawaida, kikishakauka ingiza kisu butu cha plastiki polepole kuanzia pembeni. Kama ni ya kung'aa na imekauka, acha, ukilazimisha unabandua maandishi.

Harufu haiishi. Mara nyingi kitabu hakijakauka karibu na mgongo, rudia kipimo cha shavu. Kikiwa kikavu kweli kiweke wazi ndani ya boksi pamoja na bakuli la magadi ya kuokea au vipande vya mkaa, visigusane, wiki mbili hivi. Usipulize manukato.

Kompyuta zimelowa. Usiwashe kujaribu. Chomoa, fungua mfuniko, acha siku kadhaa kivulini, mpe fundi na mwambie wazi kwamba unachotaka ni data ya kwenye diski kwanza. CD zioshe maji safi, zifute kutoka katikati kwenda nje.

Picha za zamani zimeshikana. Zirudishe kwenye beseni la maji safi ya baridi, ziache zenyewe ziachane, usiguse upande wa picha, laza uso ukitazama juu.

Mchwa. Huku hili linakuja wiki chache baada ya maji na watu hawaliunganishi. Ubao uliolowa na maboksi ya karatasi yaliyokaa chini ni karamu. Usihifadhi kitu sakafuni wakati wa kukausha, kagua nyuma ya rafu na kwenye viunga vya mlango kama kuna njia za udongo.

Mkubwa anasema vyote vitupwe. Muombe siku tatu, muonyeshe orodha ya hatua ya 6 na picha. Na usikubali mtu yeyote atupe bila utaratibu wa kufuta kwenye rejista, hata kitabu kilichooza bado ni mali ya umma mpaka kifutwe kwa maandishi.

Mkubwa anasema kesho tufungue. Fungua chumba ambacho hakikulowa, weka meza na magazeti, watoto wasome. Chumba chenye ukungu kibaki kimefungwa.

KABLA YA MVUA ZIJAZO

Mwezi wa kumi, kabla wingu la kwanza, muite fundi bati asafishe gata, abadilishe raba za misumari, na wewe usimame pale uone akimwaga ndoo ya maji juu utazame yanatokea wapi. Rafu ya chini iinue sentimita 15 toka sakafuni hata kwa kuweka matofali chini ya miguu yake. Mlinzi apewe tochi, namba za simu za watu wawili wanaokaa karibu, na ruhusa ya kupiga saa nane usiku, na jioni kabla ya kufunga mtu mmoja ajulikane kwa jina kwamba yeye ndie anazunguka kuangalia koki zote, hasa siku ambayo maji yamekatika. Zile namba za simu pamoja na ya yule mama wa friza ziandike kwa penseli, uzibandike ndani ya mfuniko wa boksi lako la vifaa.